Wakikusema kwa VVU: nani wa kujibiwa, kwa maneno gani, na lini unyamaze

Mwaka 2013, kwenye hitima ya jirani yetu hapa Malindi, niliketi sinia moja na wanawake wanne. Pilau ilipofika, mmoja alisema tumbo limemvuruga, akainuka. Wa pili akamfuata. Wawili waliobaki walikula upande wao tu, na upande wangu ukakaa kama kisiwa. Hakuna aliyenitukana. Nilikula matonge matatu, nikanawa, nikaaga. Majibu yalinijia usiku kitandani, wakati hakuna tena wa kumjibu.

Nilikuwa nimepimwa mwaka mmoja kabla, kliniki ya wajawazito. Mtoto niliyekuwa nimembeba hana virusi, na sasa ananizidi kimo. Haya ninayoyaandika ni majibu ya usiku ule, pamoja na mengine niliyojifunza nikikaa na wenzangu wanaomeza dawa kama mimi. Mengine tuliyajaribu yakatuharibikia, na hayo pia nitayasema.

Shika jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Kusahihisha uongo kuhusu VVU na kutangaza hali yako ni mambo mawili tofauti. Unaweza kusema "sinia haliambukizi" bila mtu kupata haki ya kukuuliza umejuaje. Wengi wetu hunyamaza tukidhani tukifungua mdomo tu tumejulikana. Muuguzi husema maneno hayo hayo, mwalimu wa sayansi husema, na wewe unaweza kuyasema vile vile.

Hatua ya 1: Jijibu wewe mwenyewe kwanza

Maneno ya mtaani huuma zaidi pale moyo wako unapokubaliana nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kikombe changu peke yangu, na nilikataa kumbusu mwanangu. Hakuna aliyeniamuru. Kwa hiyo anza kwa kuujua mwili wako, na chombo cha kukujulisha ni kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Ukienda kliniki usiridhike na "uko sawa, mama". Uliza: kipimo changu cha mwisho kilikuwa lini, na kilisema ngapi?

Ukimeza dawa kila siku bila kuruka, virusi hupungua hadi mashine haivioni. Hapo huwezi kumwambukiza mwenzako kwa kulala naye. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliohusisha wapenzi wa nchi 9, Kenya ikiwemo, ulioonyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Halafu ukaja utafiti wa PARTNER kule Ulaya, matokeo yake yakachapishwa 2016 na 2019. Wapenzi wale, mmoja ana virusi vilivyodhibitiwa na mwenzake hana, walilala bila kondomu zaidi ya mara 100,000 kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: virusi visipoonekana kwenye kipimo, hatari ya kuambukiza kwa ngono ni sifuri.

Sentensi hiyo ya mwisho isome tena. Kwangu mimi ilifanya kazi ambayo ushauri wa miaka mitatu haukuifanya.

Dawa yenyewe kwa watu wazima wengi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na hospitali za serikali huitoa bure. Tatizo letu pwani ni njia ya kuifikia. Nina ndugu Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye kwa miaka hakutaka kuonekana mlangoni pa kliniki Lamu mjini. Alivuka maji, akapanda basi Mokowe, akaja kuchukua dawa Malindi kwa kisingizio cha kununua nguo. Namwelewa sana. Lakini kusi ikivuma na boti zisipotoka, au nauli ikikosekana, dawa ilikatika. Ikiwa nawe unafanya hivyo, omba upewe dawa za miezi 3, au hata 6 kama kipimo chako ni kizuri, na uziombe kabla ya bahari kuchafuka. Waombe pia wazitie kwenye mfuko wa kawaida. Ukifika nyumbani hamishia vidonge kwenye kikopo kisicholia, maana ile sauti ya vidonge kwenye chupa imewafichua wengi ndani ya matatu.

Mwezi wa Ramadhani, ongea na kliniki mapema ili saa ya kidonge ihamie baada ya futari au wakati wa daku, na ibaki hapo hapo mwezi mzima. Usikubali kuambiwa uchague baina ya funga na dawa kabla hujawauliza.

Hatua ya 2: Mtazame anayesema

Kuna mwoga, kuna mshakunaku, na kuna mwenye kauli juu ya riziki au matibabu yako. Wote wanaweza kutamka neno lile lile, "amekanyaga waya", yaani ameambukizwa, na kila mmoja anahitaji kitu chake.

Mwoga hakuchukii. Anaogopa kwa sababu alimwona shangazi yake akifa mwaka 1998, wakati hakukuwa na dawa mikononi mwa watu wa kawaida. Kichwani mwake VVU bado ni ule mwili uliokonda. Huyu mpe muda na ukweli, atabadilika. Mmoja kati ya wale walioinuka kwenye sinia alikuwa mwoga.

Mshakunaku anajua ukweli wote na haumsaidii kitu. Kwake wewe ni hadithi. Hapa watu wetu wa pwani tuna dawa ya kale, kusuta, na nitakwambia bila kuzunguka: kwa jambo hili usisute. Nimeshuhudia kusutwa kwa mtu kwa ajili ya maneno ya VVU. Tulikwenda wanawake tisa, vigelegele na maneno makali, mbea akatahayari kweli. Lakini mtaa mzima ulitoka nje kutazama, na waliokuwa hawajui wakajua jioni ile. Leso yenye fumbo ina hatari hiyo hiyo. Ukiivaa siku mbili baada ya maneno kuvuma, kila mwanamke sokoni atayasoma maandishi yake na kulifungua fumbo.

Mshakunaku mnyime chakula. Akikuuliza kwa ujanja, "Mbona waenda hospitali kila mara, bibi?", mjibu: "Naangalia afya yangu. Na wewe umeangalia yako lini?" Kisha badilisha mazungumzo, uliza bei ya samaki. Usiongeze sentensi ya tatu, maana sentensi ya tatu ndiyo atakayokwenda nayo.

Mwenye kauli, yaani mwajiri, mwalimu mkuu, mhudumu wa hospitali au mwenye nyumba, hajibiwi kwa maneno matupu. Nitamfikia.

Hatua ya 3: Yawe tayari kinywani

Ukisubiri siku ya kuulizwa ndipo ufikirie, utapandwa na hasira au machozi. Yaseme mbele ya kioo mara kadhaa, kwa sauti yako ya kila siku.

*Sinia, kikombe cha kahawa, choo, kupeana mikono.* "Virusi hivi haviishi kwenye mate wala jasho kwa kiasi cha kuambukiza mtu. Hupita kwenye damu, shahawa, ute wa ukeni na wa njia ya nyuma, na maziwa ya mama." Basi. Mwenye akili ataanza kujumlisha mwenyewe kwamba pilau haimo.

Kuna swali moja zuri ambalo vijana huniuliza, na naliheshimu: kama mate hayaambukizi, mbona kuna kile kipimo cha kujipima unachopangusa kwenye fizi? Jibu ni kwamba kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana navyo, na askari hao hupatikana mdomoni.

*Mbu.* Hili huja sana, kwa sababu sisi tumezaliwa na malaria. Eleza hivi: kijidudu cha malaria huishi ndani ya mbu, hukua humo, kisha huhamia kwenye mate yake, na mbu akikuuma hukutemea mate hayo. VVU haviwezi kukua ndani ya mbu. Tumbo lake huvisaga pamoja na damu aliyoinywa. Na mbu hakuchomi damu ya mtu mwingine, hukuchoma mate yake. Nimewaona wazee wakitikisa kichwa kwa kuridhika wakisikia hayo, kwa sababu umewapa sababu, hukuwaambia tu "si kweli".

*Wembe.* Hapa usiseme kila hofu ni ujinga, utapoteza heshima. Wembe mmoja uliochanja chale watu wawili ni hatari kweli, na pia ule wa kuumika chuku na kisu cha jando kisichosafishwa ipasavyo. Wanaofanya hijama walazimishe kufungua wembe mpya mbele ya macho yako, kwa kila mtu, awe unamjua au humjui. Ukikubali palipo na ukweli, watakuamini palipo na uongo.

*Mtoto.* "Mwanamke mwenye virusi atazaa mtoto mgonjwa" ndiyo kauli iliyowavunjia wasichana wengi ndoa. Bila tiba yoyote, kati ya watoto 100, kuanzia 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa na mtoto akipewa yake, idadi hushuka chini ya 5. Mama hunyonyesha, miezi 6 ya kwanza maziwa yake matupu bila maji wala uji, na mtoto hupimwa mara ya kwanza akiwa na wiki 6. Mamangu mkwe alitaka kumpa mwanangu maji ya sukari siku ya tatu. Nilimwomba muuguzi amweleze yeye mwenyewe, nami nikakaa kando. Si kila jibu lazima litoke kinywani mwako.

*"Alipata kwa Wazungu."* Malindi, mwanamke aliyewahi kufanya kazi hotelini huhukumiwa hata kabla ya kupimwa. Jibu langu ni fupi: "Virusi haviulizi kazi ya mtu. Wangapi wamevipata wakiwa ndani ya ndoa zao?" Sijitetei kwamba mimi si mwanamke wa namna ile. Nikijitetea hivyo nimekubali kwamba wapo wanaostahili.

*"Mficha maradhi, kifo humuumbua."* Methali hii nimerushiwa usoni na watu wa karibu, wakitaka niseme hali yangu hadharani. Methali ni ya kweli, wao ndio wameigeuza. Maradhi hufichwa tabibu yakaua. Mimi tabibu wangu anajua, faili langu analo. Jirani si tabibu.

Hatua ya 4: Grupu la WhatsApp

Ujumbe huja na sauti ya mtu anayehema: kuna machungwa yamedungwa damu ya wagonjwa, msinunue, sambaza kwa watu 20. Umezunguka nchi nyingi miaka na miaka, tunda likibadilishwa tu. Virusi vikitoka mwilini hudhoofika haraka, na kula tunda si njia ya kuvipata.

Usimjibu aliyetuma kwa kumwaibisha mbele ya watu 200. Mpigie au mwandikie pembeni: "Kaka, ule ujumbe si wa kweli, tafadhali uondoe, wauzaji wa matunda watakosa riziki." Mara nyingi huondoa. Asipoondoa, andika kwenye grupu mistari miwili ya ukweli, mara moja, uache. Wakianza kubishana usirudi, kwa kuwa wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na hao umeshawafikia.

Kama ujumbe unamtaja mtu kwa jina na hali yake, hilo ni jambo jingine. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la mtumaji, tarehe na saa, kisha mwambie msimamizi wa grupu aufute. Picha hiyo itunze.

Hatua ya 5: Wanaouza uponyaji

Hili ndilo linaloua, kwa hiyo hapa sina upole mwingi. Mwaka 1990 nchi yetu ilitangaziwa Kemron, dawa iliyosifiwa kama muujiza, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wako waliorudi wakaacha vidonge. Ukiacha dawa, virusi hurudi kuongezeka, mara nyingi ndani ya wiki chache, na vinaweza kuzaliwa sugu visivyosikia dawa ya mwanzo.

Ukiambiwa "kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameushushia dawa", usiipinge hadithi hiyo, ni ya Mtume. Uliza tu: na hiki kidonge kinachovifanya virusi visionekane kimetoka wapi, kama si katika dawa alizozishusha? Kwa mganga, mwombezi au muuza majani, niulizie swali moja: "Utakubali nipimwe wingi wa virusi kabla na baada, nikiendelea na vidonge vyangu?" Anayekwambia acha vidonge kwanza, toka. Na kama unakunywa mitishamba kwa ajili ya tumbo au nguvu, mwambie muuguzi, kwani mingine hugombana na dawa. Hatakupigia kelele. Akikupigia, omba mwingine.

Hatua ya 6: Msikitini, kanisani na kwenye maiti

Viongozi wa dini hapa husikilizwa kuliko daktari, kwa hiyo wafuate kabla maneno hayajafika kwao yakiwa yamepinda. Sisi tulimwendea ustadhi mmoja tukiwa watatu, na hatukumwomba atutetee. Tulimwomba darsa moja juu ya Surat al-Hujurat, na akaitoa: aya ya 6 inaamrisha kuchunguza habari kabla ya kudhuru watu, ya 11 inakataza kupeana majina mabaya, ya 12 inafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Hakutaja VVU mpaka dakika za mwisho. Ilifaa kuliko semina.

Jambo linaloumiza familia sana ni maiti kukosa waoshaji. Waoshaji wapewe glovu, aproni na mikono isafishwe kwa sabuni, na wafanye hivyo kwa kila maiti bila kuuliza alikufa na nini. Ukiweka glovu kwa mmoja tu, umetangaza. Mwosha huoshwa, walisema wazee wetu, na waoshaji wa mtaa wetu siku hizi wana sanduku lao la vifaa msikitini.

Hatua ya 7: Nyumbani

Usimwambie mtu kwa sababu umechokozwa. Chagua mmoja ambaye siri zako za zamani bado anazo, umwambie mchana, mkiwa peke yenu, na umwambie pia nani mwingine anajua. Kwa mume au mke, kliniki hukubali mwende pamoja, mshauri aongoze mazungumzo na mwenzako apimwe hapo hapo. Ikiwa ana mkono wa kupiga, usimwambie ukiwa peke yako ndani ya nyumba. Mweleze mshauri hofu hiyo kwanza, mpange. Simu ya bure 1195 hupokea wanaopigwa majumbani, saa zote.

Hatua ya 8: Sheria, kwa mwenye kauli

Kenya ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006. Kwa ufupi, hakuna ruhusa kukulazimisha upimwe ili upate kazi, ndoa, shule, bima au matibabu. Kupima kabla ya nikaha kwa hiari ya wote wawili ni jambo jema. Kulazimishwa ndiko kulikokatazwa. Ni kosa pia kutoa majibu yako kwa mtu mwingine bila idhini yako ya maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na Sheria ya Ajira ya 2007 inavitaja VVU kwa jina.

Rafiki yangu aliyekuwa jikoni kwenye hoteli aliitwa ofisini, akaambiwa wageni wakisikia watakimbia, atafute kazi nyingine. Alilia, akatia sahihi karatasi ya kuacha kazi. Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, hakuna aliyemfundisha asitie sahihi. Ukijikuta pale, sema: "Naomba sababu hiyo kwa maandishi." Usitie sahihi siku hiyo. Usiku ule ule andika kwenye daftari tarehe, saa, waliokuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Peleka barua ya malalamiko kwa mkubwa wa mahali hapo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, liko Baraza maalumu la Kesi za VVU na UKIMWI lililoundwa na sheria hiyo ya 2006. Makao yake ni Nairobi, na lina uwezo wa kuamuru ulipwe fidia. Shirika la KELIN husaidia kwa mambo ya sheria, na NEPHAK ni mtandao wa watu wanaoishi na virusi nchini.

Kama aliyevujisha ni mhudumu wa hospitali, usihame kliniki kabla ya kulalamika kwa msimamizi, na usiache dawa hata siku moja ukingoja jibu.

Hatua ya 9: Watakaokuja usiku

Hili sikulitarajia. Ukishajulikana kwamba unajibu kwa utulivu, watu wataanza kukubishia mlango baada ya isha. Yule jirani aliyeinuka kwenye sinia alikuja miaka minne baadaye, buibui limefunika uso, akasema anauliza kwa niaba ya binamu yake. Usimwambie "kumbe na wewe". Usimkumbushe sinia. Mpe kiti, mpe maji, msikilize huyo binamu mpaka amalize.

Kisha uliza ilikuwa lini. Ikiwa hazijapita saa 72 tangu hilo jambo litokee, kuna dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa siku 28, na kila saa ina thamani, kwa hiyo asingoje Jumatatu, aende hospitali usiku huo huo. Ikiwa zimepita, aende apimwe, na majibu yakiwa na virusi anaweza kuanza dawa siku hiyo hiyo. Mimi nilivaa buibui langu, tukaita tuktuk, nikaketi naye kwenye benchi mpaka alipoitwa.